Baba Yako Amekataa

Tuanze na maombi, maana balaa lote la Yunisi lilianzia kwenye maombi.

Kila Alhamisi jioni akina mama wa Kilutheri wa mtaa wao, pale Mafinga, walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakaimba, wakanywa chai ya maziwa, kisha kila mmoja akataja haja yake. Huyu mtoto wake anakunywa pombe, yule viazi vyake vimeoza shambani. Ikifika zamu ya Yunisi, hakuna aliyehitaji kuuliza.

"Ni ile ile, mama zangu," alisema, macho chini. "Niombeeni moyo wa Baba Anjela. Bwana aulainishe."

Wenzake waliguna. "Mmh! Mama, una kazi wewe." Naye aliipokea ile huruma kama anavyopokea kikombe cha pili cha chai, kwa aibu ya kiungwana, huku mkono umeshanyooshwa. Na kama kulikuwa na mgeni asiyeijua habari, aliongezea la dirisha. "Mume wangu ni seremala, mwenzangu. Nusu ya milango ya Mafinga ametengeneza yeye. Lakini njoo uone jikoni kwangu, dirisha nimeziba na gunia."

Na kweli Dastan, mumewe, alikuwa mgumu. Tusimsingizie lakini. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa wanawake, na mkono wake haukuwahi kumgusa Yunisi kwa ubaya. Alikuwa mgumu tu, basi. Alikuwa na karakana kando ya barabara ya kwenda Sao Hill, na mafundi wake walimwogopa kuliko walivyouogopa msumeno wa umeme. Fundi akitengeneza stuli yenye mguu mmoja mfupi, Dastan hasemi neno. Anachukua nyundo, anaivunja ile stuli mbele ya aliyeitengeneza, anarudi kwenye randa yake. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyeendesha mnada baada ya ibada, pale waumini wanapoleta kuku na mayai na ndizi viuzwe kwa ajili ya kazi ya Bwana. Alikuwa akimnyanyua kuku juu, anaukazia macho mstari wa mbele, na watu wanaongeza bei kwa woga mtupu. Mchungaji mwenyewe aliwahi kununua jogoo asiyemhitaji.

Nyumbani mambo yote yalipita kwa Yunisi. Mtoto akitaka sare mpya, fundi akitaka ruhusa ya kwenda msibani, shemeji akitaka mbao za kupaulia, nani alikuwa na ubavu wa kumwendea Dastan? Walipitia jikoni. Walikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, wakanong'ona, "Mama, tusemee." Yunisi alijifuta mikono kwenye kitenge na kusema, "Nitajaribu, ila mnamjua alivyo." Baada ya siku kadhaa jibu lilirudi. Amekubali. Au amekataa.

Na tukisema ukweli wa Mungu, si mara zote Yunisi aliuliza. Mambo mengine hakuona sababu ya kumsumbua mzee, ikiwa yeye mwenyewe alishaona hayafai. Alikaa nayo siku mbili tatu, akatoka na uso wa msiba: "Nimesema mpaka ulimi umechoka. Baba amekataa." Mwenye shida aliondoka akimlaani Dastan moyoni na kumwonea huruma Yunisi. Sasa niambie, kuna utawala mtamu kuliko huo? Amri unatoa wewe, lawama anabeba mwingine.

Hivyo ndivyo alivyojibiwa pia mzee Andendekisye. Huyu alikuwa Mnyakyusa, mfanyabiashara wa mbao, na siku moja alikuja kama mshenga wa mpwa wake Lutengano, dereva wa lori, kumposa Anjela. Anjela ndiye mtoto pekee wa nyumba ile. Mshenga mwenye akili zake haanzi kwa baba mkali, kwa hiyo Andendekisye alikaa jikoni kwenye kigoda kile kile, akaeleza neno lake kwa utaratibu, akaahidi kurudi.

Yunisi hakuwa na ubaya na Lutengano. Kijana alikuwa na heshima, na macho yake hayakukaa juu juu. Ila Anjela ndiye aliyekuwa sauti ndani ya nyumba ile, ndiye aliyecheka, ndiye aliyegombana na redio. Akienda Mbeya, Yunisi abaki na nani? Na yule mtu wa nyundo? Alikaa na posa ile siku chache, na Andendekisye aliporudi, alimwambia pale pale jikoni, "Mzee wangu, nimehangaika. Baba yake amekataa. Hataki kusikia habari ya dereva."

Anjela alilia mpaka uso ukavimba. Kumwuliza baba yake hakuthubutu, na hilo Yunisi alilijua tangu mwanzo. Baada ya miezi michache binti alipanda lori la Lutengano alfajiri, akaenda kuishi naye Mbeya bila baraka ya mtu, akazaa huko, na Mafinga hakukanyaga tena. Dastan alipoambiwa mtoto kaondoka, alisimama mlangoni kitambo, akauliza chakula kiko wapi. Yunisi aliieleza habari hiyo kwenye maombi ya Alhamisi, na kila mtu alilia.

Tangu hapo alikuwa akienda Mbeya kwa siri, anaaga kwamba kuna semina ya akina mama, amebeba maharage na viazi. Kila mara Anjela alimwuliza, "Baba anasemaje?" Na kila mara Yunisi alitikisa kichwa. "Baba yako, mwanangu... mwache tu."

Kisha Dastan akaanza kuhema. Kwanza akipanda kilima cha kanisani, halafu akipiga randa, mwisho akivaa viatu tu. Miguu ikavimba. Walihangaika Mafinga, wakahangaika Iringa, hatimaye wakapelekwa Dar es Salaam, ambako daktari kijana mwenye miwani aliwachorea moyo kwenye karatasi. Mlango mmoja wa moyo, alisema, umeharibika tangu utotoni kwa homa zisizotibiwa. Haufungi sawasawa, na damu inarudi ilikotoka. Dastan aliutazama ule mchoro kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Haufungi?"

"Haufungi, mzee."

"Basi ubadilisheni. Mlango usiofunga mnaujadili wa nini?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya mume ambaye Yunisi alimzoea. Wakampasua kifua, wakautoa ule mlango wa kuzaliwa nao, wakaweka wa kiwandani. Kabla hawajaruhusiwa nesi alimvuta Yunisi pembeni. "Mama, wengine wakishafanyiwa hii wanabadilika. Atalia bila sababu, atakasirika bila sababu, atasahausahau. Ni kawaida, kwa wengi inapungua taratibu. Akizama kwenye huzuni usikae naye, mlete tuongee naye. Asibebe kitu kizito. Vidonge vya damu asikose hata siku moja. Na wewe mvumilie."

Yunisi alitaka kucheka. Kumvumilia Dastan? Kazi hiyo yeye alikuwa na shahada yake.

Hee! Kumbe hakujua alisemalo.

Kwanza ile sauti. Mlango mpya ulikuwa ukigonga, tak, tak, tak, na nyumba ikinyamaza unausikia kutoka upande wa pili wa meza. Kanisani, wakati wa maombi ya kimya, watoto waligeuka kutafuta saa iko wapi. Mtu aliyeishi miaka yote hiyo bila kumwonyesha yeyote anachojisikia, sasa moyo wake ulikuwa unatangaza. Akifurahi unakimbia, akikasirika unakimbia, na majirani wanasikia.

Halafu machozi. Dastan alilia redio ikitangaza vifo vya watu asiowajua. Alilia kwa wimbo wa kwaya, tena wimbo wenyewe ukiwa wameukosea. Alirudi karakana, akamkuta fundi wake Marcelino amemaliza kabati lililoegemea upande kama mlevi ukutani. Mafundi wote wakarudi nyuma kumpisha achukue nyundo. Dastan akalizunguka lile kabati, akamshika Marcelino bega, akasema, "Umejitahidi, mwanangu." Marcelino alikosa usingizi wiki nzima. Alidhani amefukuzwa kazi kwa njia mpya.

Kwenye mnada ndiko alikomaliza kazi. Jumapili ya kwanza aliyorudi, bibi mmoja mjane alileta kuku. Dastan akamnyanyua, akamtazama yule kuku usoni, midomo ikaanza kumchezacheza. "Ndugu zangu," akasema, "huyu mama ana kuku mwingine nyumbani?" Bibi akatikisa kichwa. Dastan akamrudishia kuku wake, akilia, moyo unagonga hadi kwenye kipaza sauti. Mayai yakarudi kwa wenyewe. Ndizi zikarudi. Mhazini alishika kichwa. Mchungaji alisema hiyo ni neema ya Mungu iliyo dhahiri, na Jumapili iliyofuata akateua mtu mwingine wa kuendesha mnada.

"Yunisi, Mungu amejibu!" Akina mama walimkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Wakamsimamisha atoe ushuhuda. Yunisi alisimama mbele ya kanisa zima, akamshukuru Bwana kwa kuulainisha moyo wa mumewe, na akalia machozi ambayo hayakuwa yale waliyoyadhani.

Kwa sababu huko nyumbani alikuwa anateketea. Mumewe sasa alimwita "Yunisi", jina tupu, kama wavulana wa shule. Alihamia jikoni. Kigoda cha wenye shida zao kilikaliwa na mwenye nyumba mchana kutwa, anamenya viazi kwa uangalifu wa kiseremala mpaka kila kiazi kinatoka na pembe nne.

"Yunisi," alimwuliza siku moja, "una furaha?"

"Furaha gani na moshi huu? Sogea, nataka kuni."

Akalia. Lahaula! Mtu umemwambia asogee tu, analia.

Siku nyingine alirusha sahani ukutani kwa sababu mchuzi ulikosa chumvi, kitu ambacho Dastan wa zamani, pamoja na ugumu wake wote, hakuwahi kufanya. Muda si mrefu Yunisi alimkuta amechuchumaa akiokota vipande kimoja kimoja, anaviomba radhi. Alikuwa anaogopa pia. Aliogopa kulala upande wa kushoto, aliogopa kukosa kidonge, aliogopa moyo ukigonga na aliogopa zaidi akidhani umeacha kugonga. Yunisi alimwonea huruma, na papo hapo alimkasirikia, na papo hapo alijikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia mgonjwa. Alimtamani mume wake. Yule mwingine, wa nyundo. Na utamwombaje Mungu akurudishie kitu ulichomsumbua miaka yote akiondoe?

Na jikoni hakuna aliyekuja tena. Wa nini? Mafundi walimwendea Dastan mwenyewe, wakapewa ruhusa kabla hawajamaliza kuomba. Shemeji alipata mbao, akapata na za ziada. Jirani yao Verediana, Mkatoliki mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyelisema. "Mama Anjela, siku hizi nyumba yako ina rais mmoja tu. Wewe umebaki raia." Akacheka. Yunisi naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo.

Hayo yote angeyameza. Lililomkosesha raha ni moja. Dastan, kwa huo ulaini wake, alianza kuzunguka mji mzima kuomba msamaha. Alimwomba fundi aliyemvunjia stuli zamani hizo, sasa ana karakana yake mwenyewe. Alimwomba mtu aliyemnyima nafasi kwenye benchi la kanisa. Wajanja wakasikia, wakaanza kuja wenyewe. Mmoja alidai aliwahi kutukanwa, hakukumbuka tusi gani, akaondoka na mlango mzima. Na kila alipomaliza na mmoja, Dastan alirudi kwa lile lile.

"Yunisi, nataka kwenda Mbeya kwa Anjela."

Moyo wa Yunisi haukuwa na mlango wa kiwandani, vinginevyo wangeusikia hadi Makambako. Baba na binti wakikaa chini wakaongea, hata kwa muda wa kunywa chai tu, neno la kwanza la Anjela litakuwa: kwa nini ulimkataa Lutengano? Na Dastan atasema: Lutengano yupi? Hapo Yunisi atawapoteza wote wawili kwa mkupuo.

"Daktari amekataa," alijibu. "Amesema usisafiri."

Wiki ile alimwambia kwamba daktari amekataa kwa sababu ya baridi ya Mbeya. Wiki iliyofuata, kwa sababu ya matuta ya barabarani. Daktari, maskini, hakujua ni maneno mangapi alikuwa akisemewa huku Mafinga. Dastan alitii kila mara, akajifuta macho, akaendelea kumenya viazi.

Mpaka siku aliyokuja mzee Andendekisye kumjulia hali mgonjwa. Yunisi alimwona kupitia uwazi wa mlango, akaweka chini birika. Angemfukuza kwa kisingizio gani? Alipeleka chai sebuleni na kusimama pale, sinia mkononi, asiondoke.

Dastan alishaanza. "Mzee mwenzangu, kama kuna siku nilikukosea..."

"Aa, ndaga fijo, mzee, asante sana kwa neno hilo." Andendekisye alikuwa mtu wa kumaliza mambo. "Kusema kweli lilituuma. Ulivyomkataa kijana wetu kwa ajili ya udereva wake. Lakini tulishasamehe. Wana mtoto sasa, wanaishi vizuri, yamepita hayo."

Tak, tak, tak, kisha taktaktaktak. Dastan aliitazama chai yake, akainua macho akamwangalia Yunisi, si kwa muda mrefu, akarudisha macho kwenye kikombe.

"Nisamehe," akamwambia Andendekisye. "Nilikataa vibaya."

Sinia nusura limdondoke Yunisi. Alirudi jikoni, akakaa kwenye kigoda, akashika mashavu kwa mikono yote miwili. Amesahau! Nesi si alisema husahausahau? Dastan amekataa mambo mengi sana maishani mwake, kwa hiyo akiambiwa alikataa na hili, ataamini. Ataomba msamaha kwa Anjela, Anjela atasamehe, na Yunisi atabaki alipokuwa, katikati, mama wa watu, mvumilivu. Alimshukuru Mungu kwa usahaulifu, na hakuona aibu, siku ile.

"Daktari amekubali," alimwambia mumewe jioni hiyo. "Tunaweza kwenda."

Anjela na Lutengano walikuwa wamepanga vyumba viwili Uyole, pembeni ya mji wa Mbeya, na siku ile ilikuwa na jua na ubaridi wake. Anjela alifungua mlango, akamwona baba yake amekonda, shati linampwaya, kovu linachungulia kwenye ukosi. Akapiga magoti kumsalimu. Dastan akataka kumnyanyua, nguvu hana, wakabaki wote wawili chini sakafuni kama watoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Anjela, mwanangu. Na wewe Lutengano, njoo hapa." Lutengano akachuchumaa karibu yao. "Mlileta posa, nikakataa. Sikuwa na sababu. Ni roho yangu tu ilivyokuwa. Nisameheni."

Mjukuu, Bupe, alishachoka kusikiliza watu wazima. Alikuwa amegundua ile sauti, akaweka sikio kwenye kifua cha babu yake. "Babu, kuna kitu kinakimbia humu ndani."

"Kinakimbia, mama. Kiache kikimbie kidogo."

Wakala wali wa mchele wa Rujewa na kuku, wakaomba, wakapanga habari ya kufunga ndoa kanisani hata kama imechelewa. Lutengano alimpa baba mkwe kiti chenye mito yote ya nyumba. Kila kitu kilikwenda kama Yunisi alivyotaka, tena kupita alivyotaka. Wakati wa kuaga ndipo Anjela alipomvuta mama yake pembeni, nyuma ya nyumba, akamshika mikono.

"Mama, nilikuwa sikuelewi. Miaka yote hii ulikuwa katikati yetu, huku unasukumwa, huku unasukumwa. Na mimi mara nyingine nilikukasirikia kwamba hukunipigania. Pole, mama. Umeteseka sana."

Huruma ile ile aliyoipokea kila Alhamisi. Yunisi alifungua mdomo kuipokea, kwa mazoea tu, na haikupita. Alimpapasa binti yake shavu, akasema basi litawaacha.

Ndani ya basi Dastan alikaa dirishani. Walipita Chimala. Tambarare ya Usangu ilifunguka upande wa kushoto, ng'ombe wa Wasukuma kwa mbali, mashamba ya mpunga yamekauka. Yunisi alikuwa na mengi ya kumwambia mumewe, na yote yalianza na neno ambalo ulimi wake haukuwahi kufundishwa. Basi lilisimama Igawa, njia panda ya kwenda Rujewa, abiria wakashuka kununua mchele. Wao wakabaki. Injini ilipozimwa, tak, tak, ikasikika.

"Lile dirisha la jikoni," Dastan akasema.

"Dirisha gani?"

"La gunia. Hujawahi kuniuliza kwa nini sikulimaliza."

Sauti ilikuwa ya zamani, ile kavu, isiyo na machozi hata tone. Yunisi aligeuka kumtazama. Kwa muda mrefu alikuwa ameitamani sauti hiyo, na sasa ilimtisha.

"Siku aliyorudi Andendekisye kuchukua jibu," Dastan aliendelea, "nilikuwa nje pale pale, napima fremu. Uliposema baba yake amekataa, nilikuwa nimeshika futi kamba, hatua mbili toka kichwani kwako."

Yunisi aliegemea siti ya mbele.

"Nilikunja futi kamba nikarudi karakana. Kulipima tena sikuweza."

"Baba Anjela..."

"Nilijua siku zote unalitumia jina langu. La mbao, la ruhusa, la nini. Nikasema, mwache. Nimempa nini kingine huyu mwanamke? Maneno sina, hata kucheka naye sijui. Jina langu la ukali analipenda, acha alitumie. Hata la Anjela nikaacha. Hapo ndipo nilipokosea. Baba anasikia mtoto wake anakataliwa kwa jina lake, anakunja futi kamba. Kwa hiyo nilivyosema kule Uyole kwamba nilikataa, sikudanganya sana." Akashika kifua. "Zamani ningekaa nalo mpaka kaburini. Sijui wameniweka nini humu. Siku hizi hakuna kinachokaa."

Yunisi alikuwa analia. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyeguna, hakuna mtu wa kumwambia una kazi wewe mama. Alilia kwa kelele na kwa makamasi, mbele ya mwanamke wa siti ya pili aliyekuwa anakula karanga.

"Nisamehe," alisema, na neno lenyewe lilitoka limevunjika.

"Mimi nasamehe hata kuku, mama," Dastan alisema. "Mji mzima unajua. Lakini si mimi uliyemnyima." Kisha akaongeza, taratibu, bila ukali, "Daktari alinikataza kubeba vitu vizito. Huyu ni daktari wa kweli, si wako. Hiki nimekibeba toka nyumbani hadi Uyole, na toka Uyole mpaka hapa. Mafinga sifiki nacho."

Akageukia dirisha. Nje wauza mchele walikuwa wanagombania mteja.

Yunisi alitafuta simu kwenye mkoba, chini ya vidonge vya mumewe na kitambaa chenye maharage aliyopewa na Anjela, maana safari hii binti ndiye aliyemfungashia mama. Vidole vilikataa mara mbili. Mara ya tatu ikaita.

"Haloo, mama! Mmefika wapi? Baba anaendeleaje?"

"Tuko Igawa. Anaendelea vizuri." Akajifuta pua kwa upindo wa kitenge. "Anjela, sikiliza. Baba yako..."

Na hapo ulimi, ambao njia hiyo uliijua kuliko njia ya kanisani, ukasimama. Yunisi alimtazama Dastan. Alikuwa amefumba macho, lakini mlango wa kiwandani ulikuwa unagonga mbio mbio, na mwanamke wa karanga aliacha kutafuna akitafuta sauti inatoka wapi.

"Baba yako hakukataa," Yunisi alisema. "Hakuulizwa. Ni mimi niliyekataa."

Anjela hakujibu. Kwa mbali, ndani ya simu, Bupe alikuwa anauliza kama ni babu. Dereva akapanda, akawasha injini, abiria wakarudi na vifurushi vyao, na basi likaingia barabarani. Yunisi alibana simu sikioni. Simu haikukatwa.